Kurasa Arobaini za Mwisho

Ilianza Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Najua dakika kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya simu chini ya benchi, nikihesabu muda uliobaki ili nitoke salama bila kuitwa. Nikaitwa.

"Weye, mwenye kujifichaka kule nyuma. Kuya hapa mbele. Uturudishie mwisho wa kitabu."

Kurudisha ni desturi ya idara yetu ya Kiingereza, na anayetaka kutuelewa aanzie hapo. Mwalimu anasoma daftari lake polepole, sisi tunaandika. Wiki inayofuata anamwita mtu mbele arudishe alichopewa, neno kwa neno, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Ukirudisha na kitu zaidi ndani, umekosa. Ukirudisha pungufu, umekosa. Nimekaa mwaka mzima katika idara ya fasihi na sijaona mtu yeyote akisoma kitabu. Tunasoma daftari la mtu aliyesoma daftari la mtu.

Na fasihi hiyo ya Kiingereza tunafundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu akichoka anamalizia kwa Kiswahili. Tumewekewa siku moja, Ijumaa, ambayo ni marufuku kusema lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, ndiyo maana kila Ijumaa idara inakuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Watu wanasalimiana kwa vichwa. Wavulana wa mwaka wa tatu wanavaa tai na kutembea mbele ya wale wa idara ya hesabu kana kwamba walishuka jana kutoka kwenye ndege, lakini ukiwauliza njia ya choo kwa Kiingereza wanakuonyesha kwa kidole.

Mwalimu aliyeniita tunamwita Prof. Si profesa. Bado ni msaidizi, na thesi yake, ambayo hajaimaliza, ina umri karibu sawa na wangu, nami nina miaka kumi na minane. Lakini wa kwanza kumwita Prof alimwita hivyo, yeye hakukataa, na basi.

Kitabu chenyewe kinahusu mtumishi wa nyumba moja kubwa huko Uingereza ya zamani, msichana asiye na wazazi, anayesingiziwa kwamba ameiba vijiko vya fedha. Anafukuzwa, anatembea siku tatu kwenye mvua na sanduku lake la bati, anafika mtoni. Hapo, kwa mujibu wa daftari, anajitupa majini na kufa. Chini yake tuliandikishwa funzo, na kupigiwa mstari mara mbili: kiburi huua. Kila mwaka watu wa idara wanaandika kwamba kiburi huua. Nilishangaa kidogo, maana msichana yule hakuwa na kiburi, alikuwa na njaa. Lakini sikuuliza. Mimi siulizi. Nikiulizwa jina langu tu, masikio yanawaka moto.

Idara ina nakala moja ya kitabu hicho. Prof huja nayo ndani ya mfuko wa plastiki, anaitoa, anaiinua ili wote tuione, kama padri na mkate, anairudisha mfukoni. Halafu anafungua daftari. Wiki tatu kabla ya Jumanne ile alinituma niipeleke ofisini, kwa sababu mimi ni msichana na sikatai. Njiani, kwenye ngazi, nikaufungua mfuko. Nilitaka kuona tu namna anavyokufa, kwa maneno yenyewe.

Hafi. Yaani, haijulikani. Kitabu kinakatika. Ukurasa wa mwisho uliobaki unaishia katikati ya sentensi: msichana akainama juu ya maji na. Baada ya hapo ni gamba tupu na gundi iliyokauka. Mtu fulani zamani, ambaye labda sasa ni mzee anayekula pensheni yake kwa amani, alifika kwenye ile "na", hakuona kitu mbele, akamsukuma mtoto wa watu mtoni. Tangu siku hiyo idara nzima inamsukuma.

Kitabu kizima kiko bure kwenye internet. Kilishuka katika simu yangu kabla sijamaliza kumhudumia mteja mmoja, pale sokoni Kikula, kwenye meza ya mama ya samaki wakavu. Nilikisoma siku nne nyuma ya mafungu ya samaki, na kamusi, na nzi. Miaka yote hiyo, na tai zote hizo, hakuna aliyetafuta.

Akainama juu ya maji na kuosha miguu. Ndivyo inavyoendelea. Anaosha matope, anavaa viatu, anamsimamisha mzee mwenye mkokoteni wa kabichi. Kuna kurasa arobaini baada ya hapo.

Sasa nimesimama mbele. Watu themanini na kitu. CP, yaani mkuu wa darasa, kaka mmoja mrefu anayekaa mbele kabisa na kucheka kila Prof anapokohoa, akageuka na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Tshangalele anakuya! Fungueni madirisha!"

Wananiita Tshangalele, jina la ziwa letu, kwa sababu ya samaki wa mama. Wakacheka. Nilikwisha kuamua kurudisha kama wengine. Naapa. Niliijua sentensi ya daftari kwa moyo. Nikafungua mdomo, nikaona miguu ya yule msichana yenye matope, na sauti iliyotoka ilikuwa ndogo sana.

"Hakukufa, Prof."

"Nini?"

"Hakukufa. Aliosha miguu. Akapanda mkokoteni."

Kicheko kimoja kirefu, benchi kwa benchi, hadi nyuma.

"Ulisomaka wapi ile?" Prof akauliza.

"Mu telefone."

"Mu telefone!" Akalitazama darasa, mikono wazi. "Basi bandugu, shiye tufunge masomo, telefone njo itawapatia diplome."

CP akapiga meza kwa furaha.

Prof hakukasirika. Ingekuwa heri. Alitabasamu, akazungumza kwa upole ule wa mtu anayekuonea huruma.

"Unajua nani aliandikaka kazi nzuri kupita zote juu ya kile kifo? Ni yaya yako. Minye mwenyewe nilimuongozaka. Sasa sikia. Leo nakupa zero. Kesho uniletee kazi ya yaya yako, usome malizio yake hapa mbele, ukurasa kwa ukurasa, batu basikie. Ukimaliza, zero naifuta. Ukikataa, zero inakaa, na tutaonana kipindi cha pili."

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alihitimu katika idara hii hii. Kazi yake ya mwisho, kurasa hamsini zenye jalada la bluu, imewekwa sebuleni kwenye kabati la vioo, kati ya Bikira Maria na glasi zisizotumika. Ni kitabu pekee duniani chenye jina la familia yetu. Mgeni akija, mama anakitoa na kukifuta vumbi hata kama hakina. Kinahusu maana ya kifo cha mtumishi. Yaya ameufananisha mto ule na Lufira yetu na watu iliowachukua. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilikisoma na kulia. Ndicho kilichonifanya nichague Kiingereza.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nikisoma, napita. Ila nitakuwa nimesimama mbele ya watu themanini, nikitangaza kwa sauti ya familia yetu kitu ninachojua ni uongo. Na yaya hakujua bado. Ilibidi nimwambie, au nisome nyuma ya mgongo wake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kupitia njia ndefu ya nyuma ya kiwanda, ili nichelewe. Nilimkuta uani akichambua matembele, bado amevaa kitenge cha shuleni. Anafundisha Kiingereza katika sekondari moja ya Kikula. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua majani, nikayachambua vibaya.

"Unaniharibia mboga," akasema. "Nini iko?"

Nikamwambia kuhusu zero. Halafu nikamwambia sababu. Aliendelea kuchambua.

"Weye, mudogo, Kiingereza yako ni ya juzi. Labda hukuelewa."

"Yaya, anaosha miguu. Ni neno mwepesi."

"Labda ni kitabu ingine."

"Ni ile ile. Vijiko, sanduku ya bati, mvua. Yote."

Nikampa simu. Aliipokea kwa ncha za vidole kwa sababu ya maji ya mboga, akasoma akiwa amesimama. Nilimwona akifika kwenye ile "na". Nilimwona akipita. Uso wake haukubadilika, lakini shingo ilibadilika rangi, kama yangu ninapoitwa mbele. Sikujua kwamba tumerithi kitu kimoja.

Kisha akalipuka, na si kwa Prof. Kwangu.

"Nani alikutuma kutafuta? Nani? Miaka sita minafundishaka batoto wa batu vile! Niende kesho niwaambie nini? Pole batoto, mutu alikuwa anaoga?"

Alikwenda hadi kwenye ukuta, akarudi. Nilitegemea aseme nisome tu yale malizio, ni karatasi, nipite mwaka, tuachane na Wazungu na vijiko vyao. Ndivyo kila mtu katika idara angesema. Badala yake alikaa chini, akavuta beseni la matembele katikati yetu.

"Kurasa ngapi nyuma yake?"

"Arobaini."

"Macho yangu yanauma. Niambie."

Mimi, ambaye kwenye misa siwezi hata kuinua sauti kwenye amina, nilisimulia kurasa arobaini. Namna mzee wa kabichi anavyompa mkate na jibini na yeye anakula bila kushukuru. Namna anavyopata kazi kwenye nyumba ya wageni, jikoni, na kumshinda mpishi kwa kelele. Vijiko vinapatikana, na bibi wa nyumba kubwa anaandika barua ya kumsamehe, na yeye anaitumia barua kuwashia jiko. Hapo yaya alicheka. Alicheka hadi akashika kifua. Mwishoni kabisa, msichana ni mwanamke mzee, anagombana na jirani kuhusu bata. Kitabu kinaishia kwenye ugomvi, bila funzo lolote.

"Bata?" yaya akauliza.

"Bata."

Akarudisha mikono ndani ya beseni.

"Basi minye nilizika mutu muzima. Kurasa hamsini."

"Yaya, kazi yako ni nzuri."

"Ni nzuri. Niliandika vizuri. Juu ya kitu gani?" Akatupa shina la mboga uani. "Na yeye alinipatia distinction. Alisema nimeona ndani ya kitabu kupita batu wote."

Mama akaita kutoka ndani kwamba bukari, ugali wetu, iko tayari na mboga iko wapi. Yaya akainuka, akajipangusa mikono. Mlangoni aligeuka.

"Kesho ni yako. Ukitaka kupeleka, iko mu kabati. Sitakuuliza."

Hakuniuliza, na hakuniaga asubuhi. Alitoka mapema kwenda shuleni.

Nilisimama mbele ya kabati muda fulani. Nilifikiria kipindi cha pili, kurudia mtihani mwezi wa tisa huku wengine wakiwa wamepumzika. Nilifikiria CP na madirisha yake. Kisha nilifikiria yale malizio, namna yalivyoandikwa vizuri, na namna yangesikika mdomoni mwangu huku Prof akiitikia kwa kichwa kwa furaha, na watu themanini wakiandika tena, wakipiga mstari mara mbili. Nikaondoka mikono mitupu.

Nilifika kabla ya darasa. Prof alikuwa peke yake ofisini, anapangusa vumbi jekundu kwenye viatu kwa kipande cha karatasi ya mtihani.

"Umeileta?"

"Hapana, Prof."

"Yaya amekatalia?"

"Hapana. Ni minye. Naomba hapana kuisoma mbele ya batu. Zero ikae."

Aliniangalia kama mtu anayetazama kuku anayekataa mahindi.

"Utarudia mtihani juu ya mutumishi wa Bazungu? Mutu hata haiko?"

"Ndiyo, Prof."

Nilikuwa nimeinamisha kichwa, kwa hiyo niliviona viatu vyake tu. Kimoja safi, kimoja bado. Akakitupa kile kikaratasi. Nilidhani tumemaliza, nikashika mlango. Nikamsikia akisogeza kiti; akachungulia kama kuna mtu barazani, na sauti yake ikashuka.

"Ile mukokoteni... inamupelekaka wapi?"

Miaka yote ile amekibeba kitabu kwenye mfuko wa plastiki. Ningeweza kumwambia kwa dakika mbili. Nilimwambia yaya jioni nzima na nilikuwa nimezoea sasa. Nikaangalia daftari lake mezani, lililochakaa pembe kwa kurudishwa.

"Ni kurasa arobaini tu, Prof," nikasema. "Usome mwenyewe."

Nikafunga mlango polepole, nikaenda darasani, nikakaa mstari wa mwisho.