Kifaa Kifuani mwa Yunisi Namwinga

Tarehe 11 Machi 2013, katika hospitali moja ya jiji la Chennai, India, Yunisi Namwinga, muuza vitenge wa Tunduma mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, alitobolewa fuvu la kichwa akiwa macho na akiongea.

Madaktari walitaka aongee. Walikuwa wakiteremsha nyaya mbili nyembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, mahali ambapo umeme kidogo unaweza kutuliza mtetemeko wa ugonjwa wa Parkinson. Umeme ukigusa pasipotakiwa, ulimi wa mgonjwa huwa mzito. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumsikiliza.

Aliyemsikiliza Yunisi alikuwa Dkt. Elina Mwashiuya, mzaliwa wa Igamba wilayani Mbozi, aliyekuwa masomoni hospitalini hapo. Sentensi za kupimia ulimi zilikuwa za Kitamil na Kiingereza. Elina alikuwa ametunga za Kiswahili na Kinyiha, lugha ambayo Mnamwanga kama Yunisi anaielewa bila taabu, na alichanganya na maswali yake mwenyewe.

"Mama, kitenge cha Nakonde na cha Kongo, kipi kinachuja?"

"Kinachuja kile ulichopunguziwa bei."

Neno "ulichopunguziwa" lilitoka likivuta. Elina alimwambia mpasuaji asogeze waya. Uliposogezwa, Yunisi alilirudia neno hilo vizuri, akauliza kama sasa anaweza kupewa chai.

Kazi ya mpasuaji iliisha siku ile. Kazi ya kupanga kiasi cha umeme ilichukua wiki kadhaa, na ilifanywa na Elina pamoja na mwalimu wake, mama wa Kihindi aliyekuwa ameifanya kazi hiyo tangu ilipoanza hospitalini hapo. Yunisi alirudi nyumbani kwake Mpemba, nje kidogo ya mji wa Tunduma, na kifaa bapa chenye betri, kimefukiwa chini ya ngozi, upande wa kushoto wa kifua. Mkono wake wa kulia ulipima tena vitenge bila kutikisika. Hakupona. Kifaa kikizimika, ugonjwa unarudi pale ulipokuwa, na pengine mbele zaidi.

Jumatano ya tarehe 13 Agosti mwaka huu, kifaa kilizimika.

Ilianza kwenye meza yake ya biashara. Mkono ulitikisika, ukatulia, ukatikisika tena. Jirani mmoja alisema kwa sauti kwamba mama Mercy anatetemeka kila mteja anapoomba apunguziwe. Jioni hakuna aliyecheka. Yunisi alikwama mlangoni kwake, miguu imegoma, ikabidi bintiye Mercy amvute kama anayevuta kabati. Kesho yake hakuweza kumeza ugali. Zahanati ilimpima malaria na shinikizo la damu, haikuona kitu.

Kaka yake, Amoni, mkulima wa kahawa wa Ruanda wilayani Mbozi, alifika siku hiyohiyo. Ndiye aliyeuchangisha ukoo mpaka dada yake akafika India, na alijua kwamba safari ya pili haipo. Alikwishampigia daktari binafsi wa upasuaji mjini Mbeya, akaambiwa kwamba kifaa kilichokufa mwilini ni mwaliko wa usaha. Kitolewe. Nafasi ilikuwa Ijumaa mchana.

Kabla ya hapo, walimpigia Elina, ambaye sasa anafanya kazi Dar es Salaam. Simu yenye spika inayosikika vizuri ilikuwa ya Brian, mume wa Mercy. Brian aliishika akiwa amekaa ameelekea ukutani, mkono kaunyoosha nyuma, kwa sababu mama mkwe alikuwa amelala kwenye kochi na kijana mwenye adabu hamtazami mama mkwe aliyelala.

"Mama," Elina aliuliza, "kuna kitu chochote kipya unachokaa nacho kifuani? Simu, redio, kitu cha chuma?"

Yunisi alitazama sakafu. "Hakuna, daktari."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

Elina alisema huenda betri imeisha. Aliomba wasikitoe kwanza.

"Daktari, wewe uko Dar," Amoni alisema. "Sisi ndio tunaomlisha kwa kijiko."

"Mkikitoa, baba, hakirudi."

"Na kikioza?"

Amoni akakata simu. Gari la kukodi likaagizwa.

Ijumaa asubuhi, Mercy akimvisha mama yake, simu yake mwenyewe iliita. Alikuwa Elina.

"Jana simu alishika nani?"

"Brian."

"Brian ni nani?"

"Mume wangu."

Elina akaelewa. Kwao Igamba, mama haongei habari za kifua chake mbele ya mkwe, hata akiulizwa na daktari, hata akiwa anakufa. "Yuko hapo?"

"Yuko uani, na mjomba."

"Funga mlango. Weka spika, niongee na mama."

Swali lilikuwa lilelile. Safari hii Yunisi alijibu, kwa sauti iliyokwisha kuwa ya kunong'ona. Kila mwanamke anayevuka mpaka kununua bidhaa Nakonde, upande wa Zambia, huweka hela kwenye sidiria. Yeye alizoea kuzifunga kwenye leso. Jumatatu alikuwa amenunua pochi ndogo, inayojifunga yenyewe.

"Inajifungaje?" Elina aliuliza.

"Inajifunga tu. Tap."

"Unaiweka upande gani?"

"Wa kushoto. Mkono wa kulia nimeshikia kitambaa, napimia."

"Mercy, chukua sindano, isogeze kwenye kifungo."

Sindano iliruka kutoka vidoleni mwa Mercy ikanasa kwenye pochi.

Kifaa cha Yunisi ni cha aina ya zamani, ambacho huzimwa na kuwashwa kwa sumaku. Kila alipoichomeka na kuichomoa pochi alikuwa akikizima au kukiwasha bila kujua, na mara ya mwisho kilibaki kimezimwa. Elina aliagiza pochi ipelekwe chumba kingine. Kisha aliulizia sumaku waliyopewa Chennai. Ilikuwa kabatini, haijawahi kuguswa, kwa sababu waliambiwa wasiiguse bila amri ya daktari.

"Sasa nakuamuru. Iweke juu ya kifaa, kisha iondoe. Mara moja tu. Kama betri imekufa kweli, hutaona kitu."

Nje, Amoni aligonga mlango. "Gari linasubiri."

"Subiri, mjomba."

"Nisubiri nini, Mbeya ije hapa?"

Mercy aliweka sumaku, akaiondoa. Mkono wa mama yake uliendelea kutikisika juu ya godoro. Mtikisiko ulipungua. Vidole viliendelea peke yake kwa muda, halafu navyo vikatulia. Elina alimtaka Yunisi aseme sentensi moja ya Kinyiha, akaisikiliza mpaka mwisho, akasema inatosha. Yunisi alifunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akimzuia binti asimsaidie.

Amoni alipoingia, alielezwa. Alikaa chini.

"Kwa hiyo tungekwenda kukupasua kwa sababu ya pochi?"

"Kwa sababu ya mkwe," dada yake alisema.

Dereva aliondoka bila abiria. Pochi amepewa Mercy, na hela za Nakonde zimerudi kwenye leso. Elina anasema tangu siku hiyo, kabla ya kumuuliza mgonjwa wa kike lolote kwa simu, huuliza kwanza nani yuko chumbani.

Mwezi Novemba Yunisi atapanda basi kwenda Dar es Salaam, ambako Elina atapima betri imebakiza nguvu kiasi gani. Ikiwa imekaribia kwisha, itabidi ipatikane nyingine, na Mpemba hakuna anayejua itatoka wapi.