Kwenda Mzenga kwa Ndege Niliyoiunda Mwenyewe

Niliondoka kwa sababu sikuwa na mtu wa kumsimulia. Siku ndege yangu iliporuka vizuri kwa mara ya kwanza, nilizunguka mashamba ya Mbwawa, huku Kibaha, nikatua, nikazima injini, nikabaki nimekaa kitini. Nilisikia chuma kikipoa. Ng'ombe mmoja alinitazama, kisha akarudi kwenye majani yake. Jambo nililoliwaza tangu ujana lilikuwa limetimia, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kuniambia, "Salumu, umeweza." Pale pale nikamkumbuka mdogo wangu Mwanaidi, aliyeolewa Mzenga, upande wa Kisarawe. Tulizaliwa wawili tu. Baba na mama walikwishatangulia, na tangu tulipomzika mama hatukuwa tumeonana. Nikasema nitakwenda kwake, na nitakwenda kwa ndege hii.

Ndege yenyewe niieleze kidogo. Ujanani nilifanya kazi Kilosa, nikiwa fundi wa ndege ndogo iliyonyunyizia dawa mashamba ya pamba. Rubani wake, mgeni mpole asiyependa maneno mengi, alinifundisha kuirusha tulipokuwa tukirudi na matangi matupu. Yeye aliporejea kwao, mimi nilirudi kwetu Tangini, Kibaha, nikawa natengeneza mashine za kusaga na pampu za maji. Kazi ilinilisha, lakini macho yangu yalizoea kutazama juu.

Nilianza na injini ya gari dogo la Kijerumani, lile lenye umbo la kobe. Mwili wake ulikuwa umeoza, moyo ulikuwa mzima. Mbao nilitumia podo, kwa kuwa ni nyepesi. Mabawa niliyavika marekani, kile kitambaa cheupe cha sanda, na kwa jinsi nilivyochukua jora zima, mwenye duka aliniuliza amefariki nani. Nikakivuta kitambaa, nikakipaka vanishi mpaka kikalia kama ngoma. Magurudumu yalitoka kwenye pikipiki. Pangaboi, ile ya mbele inayozunguka na kuivuta ndege, nilichonga kwa mninga, ndani ya banda la zamani la korosho huko Mbwawa.

Mara ya kwanza ndege ilikimbia shamba zima bila kuinuka. Nikachonga pangaboi nyingine yenye mkunjo mkubwa zaidi. Mara ya pili iliinuka, lakini ilinyanyua pua kupita kiasi, ikaangukia mkia. Nyuma kulikuwa kuzito mno. Nikaisogeza injini mbele kwa upana wa viganja viwili, nikapunguza mbao za mkiani, nikashona upya kitambaa kilichochanika. Mke wangu alivumilia mpaka pangaboi ya pili. Sasa ameolewa Mlandizi na mtu anayerudi nyumbani jua likizama.

Asubuhi ya kuondoka, umande ulikuwa bado majanini. Nyuma ya kiti nilifunga kanga ya Mwanaidi, sukari, na kofia ya kushonwa kwa mkono niliyomnunulia mumewe, Kondo. Katibu kata alikuwa ameniruhusu kujaribia ndege pale Mbwawa. Juu ya kwenda mbali hatukuzungumza. Nilizungusha pangaboi kwa mkono, injini ikashika, nikapanda. Hapakuwa na wa kumpungia. Shamba likakimbia chini yangu, likaisha, na miti ya mikorosho ikawa midogo kama mafungu ya mchicha.

Baada ya kuiacha barabara kuu mgongoni, nilielekea kusini mpaka nikaiona reli ya kati karibu na Soga, imenyooka kama uzi uliotandazwa juani. Mpaka hapo nilikuwa na furaha. Niliimba, ingawa kwa kelele ya injini sikujisikia. Kisha pori likaanza, na ndani ya pori nikaona kitu ambacho mtu wa chini hakioni. Nikaona mahame. Kila penye miembe na mikorosho iliyopandwa kwa duara, katikati palikuwa na uwazi ambapo zamani palikuwa na nyumba. Watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, huko nyumba zimepangwa mistari miwili, na miji yao ya zamani ilibaki na miti tu, ikiendelea kuzaa. Niliacha kuimba. Nilipita juu ya hame moja baada ya jingine.

Kushoto niliona vilima vya Kisarawe vimejifunika ukungu. Mbele ikatokea reli ya Uhuru, mpya, kokoto zake bado nyeupe. Nikaifuata mpaka kituo cha Mzenga.

Pale Mzenga nilizunguka juu ya kiwanja cha mpira mpaka mbuzi wakatawanyika, nikatua. Watu walikimbia. Wengi hawakukimbilia kwangu. Walikimbilia nyuma ya nyumba, na nilimsikia mama mmoja akiita wanawe na kutaja mumiani. Nilishuka nikasimama kando ya bawa, mikono wazi, mpaka walipokuja mgambo wawili, mmoja na gobore, na nyuma yao mwenyekiti wa kijiji, mzee mfupi mwenye koti.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Ndugu, umetumwa na nani?"

"Sikutumwa na mtu. Nimetoka Kibaha. Nimekuja kumwona mdogo wangu."

"Kwa ndege?"

"Kwa ndege, mzee. Nimeiunda mwenyewe."

Aliigonga marekani kwa kucha, akasikiliza mlio wake. "Huyo mdogo wako ni nani hapa?"

"Mwanaidi binti Juma. Mke wa Kondo."

Mzee yule alimtazama mgambo mwenye gobore, na mgambo akalishusha. Hapo nikajua kuna neno.

"Kondo tumemzika," mwenyekiti akasema, sauti sasa imekuwa ya chini. "Mwezi wa pili huu. Nyoka, shambani. Kumbe wewe hukuarifiwa."

Nilikuwa nimeshika ile kofia mkononi. Sikumbuki niliitoa saa ngapi nyuma ya kiti.

Nyumbani kwa Mwanaidi tulipofika, mwenyekiti alibaki barazani kwa heshima ya eda, akabisha hodi, akauliza kutoka mlangoni, "Bi Mwanaidi, kuna mtu hapa anasema ni kaka yako, ametoka Kibaha. Unamtambua?"

Swali lile lilinitisha kuliko pori lote nililopita. Niliwaza kwamba anayo haki ya kusema hapana, maana mtu usiyemwona msibani utamtambuaje.

"Mwache apite," akajibu kutoka ndani.

Nilimkuta amekaa mkekani, amejitanda nguo nyeupe. Alikuwa amekonda, na uso wake ulikuwa umekuwa uso wa mama. Tukashikana mikono, nikampa pole. Nilikuwa nimejaa maneno ya ndege tangu Mbwawa, nikayaweka kando.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Umekuja na nini?"

"Na ndege. Nimeiunda mimi."

"Nilisikia. Nikasema leo mashine ya kusaga ya kijiji imepona."

Tulicheka kidogo, kisha akajifuta macho. Nikamuuliza mbona hakunipelekea habari.

"Nilipeleka, kaka. Mtu alifika Tangini akakuta mlango umefungwa. Majirani wakamwambia uko porini unaunda ndege. Aliporudi kuniambia, nikadhani wamemtania." Akaikunja ncha ya mkeka. "Ila treni inasimama hapa. Siku zote hizo ilikuwa inasimama."

Hakusema kwa ukali. Ningependa angesema kwa ukali.

Kesho yake nilikaa Mzenga, kwa kuwa mwenyekiti alitaka kwanza kushauriana na wenzake. Watu waliacha woga, wakaja kiwanjani makundi makundi kuitazama ndege. Wazee waligusa magurudumu, akina mama wakauliza kitambaa kinafuliwa vipi. Mtu pekee niliyetaka aione hakuweza kutoka ndani. Nilimweleza kwa maneno, nikamchorea sakafuni kwa kidole mabawa na mkia, naye alisikiliza kwa adabu kama mtu anayeelezwa habari za nchi ya mbali. Kisha akanieleza Kondo alivyofariki, na mimi nikasikiliza. Mchana niliitengeneza ile mashine ya kusaga, iliyokuwa jirani na ua wake. Ilikuwa mkanda tu na valvu iliyoungua. Iliponguruma, nilisikia sauti ya Mwanaidi kutoka uani ikiuliza, "Hiyo sasa ni ndege au mashine?"

Asubuhi ya kurudi, mwenyekiti aliniambia kwa upole kwamba nimekaribishwa tena, lakini kwa miguu au kwa treni. Dereva wa lori la kijiji alinigawia petroli kutoka kwenye debe lake, nikaichuja kwa kitambaa. Nilimuuliza Mwanaidi kama anataka nipite juu ya ua wake, anione.

"Usipite," akasema. "Utaniezulia makuti. Nenda salama tu."

Basi niliondoka kwa kupitia upande wa kituo, na paa lake nililiona kwa mbali, moja katika mstari wa mapaa yaliyofanana. Sikuwa na hakika ni lipi.

Karibu na Soga injini ilikohoa. Petroli ile ilikuwa na maji, na kitambaa hakikuyazuia. Ilikohoa tena, ikanyamaza, na nikasikia upepo peke yake ukipita kwenye nyaya za mabawa. Sikuogopa kufa, nasema kweli. Niliogopa kwamba nitaanguka kwenye mojawapo ya yale mahame, na miti itaendelea kuzaa, na hakuna atakayejua. Nikashusha pua ili ndege isipoteze mwendo, nikatafuta mahali peupe, nikaona shamba la muhogo. Gurudumu la kushoto lilivunjika, bawa likachanika, nami nikapasuka kidevu.

Waliokuja ni mume na mke wenye shamba. Mume alinisaidia kushuka. Mke alitazama mashina ya muhogo yaliyolala, halafu akanitazama mimi.

"Pole, baba. Umeumia?"

"Kidogo. Samahani kwa muhogo wenu."

"Muhogo utapandwa." Alinifunga kidevu kwa kipande cha kanga yake. "Una mtu wa kupelekewa habari?"

Nilitaka kusema sina, kwa mazoea. Nikasema, "Mdogo wangu, Mzenga. Lakini yuko edani, msimtie hofu. Mwambieni nimefika."

Jioni ile nilikaa nao tukikata vijiti vya muhogo na kuvipanda upya kwenye njia ndefu iliyochimbwa na magurudumu yangu. Ndege nilirudi nayo Mbwawa juu ya lori la mkaa, mabawa yamefungwa kamba kama magodoro.

Eda ilipokwisha, Mwanaidi alikuja Kibaha. Nilimpeleka bandani. Nilikuwa nimebadili gurudumu, nimetia chujio la ngozi kwenye tangi, na bawa lilikuwa na kiraka kipya. Alizunguka ndege yote polepole, akaweka kiganja juu ya marekani, akachungulia ndani.

"Mbona ndogo hivi?" akasema. "Ina kiti kimoja tu."

"Injini haiwezi wawili."

Alitikisa kichwa, si kwa kulaumu. Akatoka nje, akauliza unga uko wapi.

Alikaa kwangu siku chache. Alifagia vyumba ambavyo sikuvifungua tangu mke wangu aondoke, na usiku nilimsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta, nikalala vizuri. Kisha nikamsindikiza Mlandizi kwa ndugu wa Kondo, na kutoka huko akarudi kwake.

Nilijifunza mengi katika safari ile: kwamba petroli ya debe haichujwi kwa kitambaa, kwamba asubuhi hewa hubeba kuliko mchana, kwamba juu ya pori usiache kutafuta kwa macho mahali pa kutua. Na nilijifunza kwamba nyumba yangu ya Tangini haikuwa na kimya cha kweli kabla Mwanaidi hajafika. Siku niliyorudi kutoka kumsindikiza ndiyo niliyokisikia kimya chake. Niliweka maji jikoni, nikatoa vikombe viwili, kisha nikakirudisha kimoja.