Mkono Mbaya wa Shangazi

Kompyuta na shangazi viliingia kwetu Dagoretti mwaka mmoja, na baba hakuficha ni kipi alichokifurahia. Kompyuta, ya mitumba kutoka mjini, ilipewa kona bora ya sebule. Shangazi, dada yake baba, aliyefiwa na mumewe kisha akafukuzwa na wakwe, alipewa stoo ya makaa iliyo nyuma. Kila Jumapili baada ya kanisa baba aliwasimulia wageni jinsi alivyomwokoa, naye shangazi akiwa pale pale anawamiminia chai.

Hakuwa na cha kumshukuru nacho ila mikono yake, basi akafuma vitambaa. Alifunika viti, redio, televisheni, hata mtungi wa maji. Kompyuta nayo akaifumia chake, cheupe chenye maua ya manjano, kipana, kilichofunika lile sanduku na kushuka nyuma yake hadi karibu na sakafu. Mama alisema hajawahi kuona kizuri kama hicho. Kwa watu wetu sebule isiyo na vitambaa ni kama nyumba isiyo na mwanamke.

Kisha kompyuta ikaanza kuzima. Haikuzima kila siku, na hilo ndilo lililotutesa. Baba angeandika ilani kali kwa wapangaji wake, afike katikati, kioo kinakuwa cheusi.

"Nani aliguza hii kitu?" angenguruma.

Aliyeigusa kila asubuhi alikuwa mmoja tu. Shangazi alikipangusa vumbi kile kisanduku, akatandika tena kitambaa chake, akakinyoosha vizuri.

Mimi na baba tuliifunga kwa shuka tukaipeleka mjini, kwa fundi wa River Road. Kitambaa tulikiacha nyumbani kisichafuliwe. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akaiwasha, nayo ikafanya kazi asubuhi nzima bila neno.

"Mzee, hapa kwangu inakubali tu," alisema. "Labda ni stima ya kwenu."

Tukabadilisha soketi ya umeme. Ikazima. Tukairudisha mjini, fundi akabadilisha memori, safari nyingine akabadilisha kile kinacholeta umeme ndani. Kwake ikakubali, kwetu ikakataa.

Hapo baba akaanza uchunguzi wake mwenyewe. Aligundua kwamba siku shangazi akifua, mashine haizimi. Ilikuwa kweli kabisa. Siku hizo shangazi alishinda uani, na vitambaa vyote vya nyumba vilikuwa vimeanikwa kwenye kamba. Baba aliona la kwanza. La pili hakuna aliyeliona.

"Wewe uko na mkono mbaya," alimwambia tukiwa mezani. "Bwana yako alikufa. Kuku zetu zikakufa. Sasa unaniulia kompyuta."

Shangazi aliweka tonge chini. "Basi sitaiguza tena, ndugu yangu. Niache tu nikae."

"Ukae uue nini ingine?"

Mama aliinamia sufuria. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyeombea chakula kile. Nilimchukia pale pale, na hadi leo sijamaliza.

Shangazi akahamia chumba cha mabati Uthiru, akawa anawafulia watu nguo. Siku anaondoka baba alikivuta kitambaa cha maua ya manjano kutoka kwenye kompyuta, akamtupia mlangoni.

"Beba na hii."

Tangu siku ile mashine haikuzima tena. Baba aliandika ilani zake akiimba nyimbo za kanisa. "Alitoka, ikapona," aliwaambia wageni, nao wakatikisa vichwa na kuomba chai zaidi.

Aliyeharibu raha hiyo ni mama. Wageni wa kanisa walipokaribia kuja, aliona aibu mashine kukaa uchi, akanunua kitambaa sokoni, akaifunika. Ikazima mbele yao wote. Safari hii fundi aliitwa nyumbani, na hata hakuifungua. Alipitisha kiganja nyuma ya kitambaa, akauvuta mkono upesi.

"Mzee, mmeziba hii feni. Ndio inatoa joto. Ikichemka inajizima. Mkitoa hii kitambaa imeisha."

Niligeuka kumwangalia baba. Nilitaka sana kuona uso ukimshuka. Alifikiri kidogo, kisha akatabasamu.

"Na nani alileta hii tabia ya vitambaa hapa kwangu? Si nilisema ni yeye?"

Kesho yake nilikwenda Uthiru kumwambia shangazi kwamba hana mkosi wowote. Nilimkuta mikono imebabuka kwa sabuni. Kile kitambaa kilikuwa kimefunika redio yake ndogo. Nilimweleza polepole habari ya feni na joto, naye akanisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo ilikuwa kitambaa yangu," alisema.

"Ndio, shangazi, lakini..."

"Basi ndugu yangu hakunionea."

Alikiondoa juu ya redio, akakikunja na kukikunja tena, akakisukuma chini ya godoro. Kisha akaniuliza kama kompyuta imepona.