Maji ya Kisimani Kabla ya Mtihani

Asubuhi ile kisimani tulikuwa watano. Mimi; mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa mwisho; jirani yangu tunayepakana naye ua, ambaye mume wake na marehemu wangu walikuwa wa ukoo mmoja; bibi kizee mwenzangu, tuliyeolewa naye msimu mmoja hapa Mbulumbulu; na mkwewe aliyembebea ndoo. Majina yote ninayo, hata ya ng'ombe waliokuwa wanakunywa pale chini, lakini wajukuu wamenikataza kuyaandika. Basi nawaacha hivyohivyo.

Kilichotupeleka ni mtihani. Mjukuu wangu alimaliza kidato cha sita, alama zikashindwa kumfikisha chuo. Anataka uuguzi. Baba yake, dereva wa watalii, akasema atarudia mtihani, tena atasomea nyumbani, chini ya ulinzi. Akamnyang'anya simu, akampa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama zizi. Asiende sokoni, asiende kwaya, asiende kuteka maji.

"Mama," akaniambia, "wewe ndiye mlango. Mtu asiingie, na yeye asitoke. Mwalimu tu."

Halafu akawasha gari, akaenda kreta na wageni wake. Mama wa mtoto anafanya kazi loji huko Karatu mjini, anakuja siku za mapumziko. Nikabaki mimi na kigoda changu mlangoni.

Watu wanadhani anayefungiwa ni yule wa ndani tu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilishinda pale nikisikia kemia kutwa nzima, shamba langu la maharage nikaliangalia kwa mbali kama la mtu mwingine. Nikiinuka kwenda chooni ananiita, "Bibi, unanitoroka?" Mwanzoni tulicheka. Baadaye akaacha kuita, akaacha hata kuuliza kama mvua imenyesha.

Mwalimu ni kijana wa Kilimanjaro, anafundisha sekondari. Amepanga kwa jirani yangu huyo, na anakula kwake. Jioni alikuwa anakuja kumfundisha hesabu za fizikia, maana ndizo zilizomwangusha. Mara akaacha kuja. Tukasema labda homa. Siku moja nikamwona anapita, mzima kabisa.

"Shikamoo bibi," akasema, yuko ng'ambo ya ua.

"Marahaba. Mwalimu, umetutupa?"

"Hapana bibi. Mimi ni mpangaji tu."

"Mpangaji ndiyo nini? Fizikia imepanda kodi?"

Akacheka kwa aibu. "Mama mwenye nyumba kasema nikiingia kwenu, nisiguse tena sufuria yake. Mila zenu sizijui, bibi. Hata kuuliza naogopa."

Hapo ndipo nilipokumbuka maziwa. Nilikuwa nimempelekea jirani maziwa, chombo kikarudi na kifuniko chake juu, maziwa hayajaguswa, nikadhani wanayo ya kutosha.

Sisi Wairaqw tulikuwa na kitu kinaitwa meta. Mwanamke mimba ikimharibikia, au msichana akishika mimba akiwa bado nyumbani kwa baba yake, hajaolewa, alitengwa. Hateki maji ya wote, chombo chake hakiguswi, watu na mifugo wasije wakapatwa na balaa. Siku hizi tunakwenda kanisani, neno lenyewe halitajwi. Lakini tazama: msichana mkubwa karudi kutoka shule, kafichwa chumba cha nyuma, maji anatekewa, bibi kaketi mlangoni. Jirani yangu afikiri nini? Hata mimi ningefikiri hivyohivyo.

Nikamweleza mjukuu. Akafunga kitabu.

"Kwa hiyo wanasema niliharibu mimba?"

"Hawasemi. Wangesema ningewajibu."

Nikipita nyumba kwa nyumba kukanusha, nitakuwa mimi niliyelileta hilo neno. Nikinyamaza, mwalimu harudi, na mtihani uko mwezi wa tano. Nikimngoja baba yake, atakwenda kupigana. Nilikaa na hilo mpaka kichwa kikauma.

"Chukua ndoo," nikamwambia kulipokucha.

"Baba kasema nisitoke."

"Baba yako kasema mimi ndiye mlango. Haya, mlango unakwambia pita."

Njiani alikuwa anafinya macho kama ndama aliyetolewa zizini mara ya kwanza. Kisimani mazungumzo yakakatika. Akachutama, akazamisha ndoo katikati ya maji.

"We mama!" Jirani yangu akanigeukia. "Unamwacha achote?"

"Kwani ana nini?"

Jirani akaivuta ndoo yake kando.

"Kama kuna neno, liseme hapa, mbele ya maji. Wale wanaokunywa chini ni ng'ombe wangu. Kama nadanganya, waanze kufa wao."

Mjukuu akakinga kiganja, akanywa. Maji mengine yakaingia kwenye sweta. Yule bibi kizee akamsukuma mkwewe pembeni.

"Mnanichelewesha, nina kiu." Akachota palepale, akanywa. "Maji ni yaleyale. Yana baridi ya kuua meno, na meno yenyewe sina."

Jirani naye akajaza ndoo yake, polepole, akaondoka bila kutuangalia.

Wiki hiyohiyo mwalimu akarudi. Mwanangu aliposikia, alifoka: "Mama, umemwanika mwanangu kama mahindi!"

"Ungemwacha ghalani angeoza," nikamjibu. Hata hivyo hakuilegeza amri yake. Tulikaa vilevile, mjukuu ndani na mimi mlangoni, mpaka siku alipoteremka Karatu kufanya mtihani.

Sasa ameshafanya, matokeo bado. Hakuna anayemzuia kutoka, lakini kisimani haendi. "Bibi, siku ile wote waliniangalia tumbo," anasema. Ni kweli, niliwaona. Anataka chuo chochote, hata kiwe Mtwara, mradi asikutane na mtu wa kisima chetu. Ninapomwombea afaulu, najua namwombea aondoke, nami nabaki hapa na jirani zangu.

Jirani siku hizi anasema hakuwahi kuwa na shaka, na kwamba alichota kabla ya bibi kizee. Mimi nakumbuka alingoja. Bibi kizee anasema amesahau, na mjukuu wangu anasema yeye alikuwa anatazama maji. Basi nyinyi mliokuwepo, na wewe mkwe uliyebeba ndoo, kama nimemwonea jirani yangu kwa kukumbuka vibaya, nisahihisheni.