Baiskeli ya Kilo Thelathini na Tatu

Mume wangu Chin-fa ana miaka sabini na moja, na baiskeli yake ina kilo thelathini na tatu. Nimeipima mwenyewe kwenye mizani ya kabichi, maana yeye akisema "nyepesi tu" simwamini hata kidogo. Alifunga breki za baiskeli kiwandani miaka arobaini, hapahapa mjini kwetu Dajia, na alipostaafu nikadhani atapumzika. Thubutu! Ana mwavuli unaofunguka ukivuta waya. Ana kijiko cha supu alichokipinda kwenye kofia, ndicho kioo chake cha kuangalia nyuma. Ana feni inayozungushwa na gurudumu, kazi yake kukausha soksi. Ana jiko na sufuria ya mayai. Nikimwuliza nani atakula mayai njiani, hunijibu, "Wewe." Na kweli huwa nayala.

Mwaka huu klabu yetu ya wazee ilipanga kuzunguka kisiwa chetu kizima kwa baiskeli, siku kumi na mbili. Chin-fa aliitaka safari hiyo mpaka akakosa usingizi. Dada yake mkubwa, A-chu, ndiye aliyemfundisha kuendesha. Sasa yuko Taitung, ng'ambo ya milima, ana miaka themanini na sita, na kila wakipigiana simu humwambia, "Usije na treni. Njoo nikuone ukiendesha."

Mwenyekiti wa klabu, Hung, aliizunguka ile baiskeli, akainyanyua kidogo, akaiachia.

"Kaka, hii ni baiskeli au duka la vyombo?"

"Kila kitu kina kazi yake."

"Ikikushinda mlimani ataibeba nani, mimi? Siku nitakayoibeba mimi ndiyo siku utakayokwenda nasi. Vua vidude vyote, au ubaki nyumbani na shemeji."

"Shemeji naye anakwenda," nikamwambia, "tena atakuacha nyuma."

Chin-fa akainama, akaanza kupangusa sufuria yake. Nilimwonea huruma, na mimi nikimwonea mtu huruma hukasirika. Mwishowe akaomba ajaribiwe kwenye kilima ambacho klabu hupanda kila Jumamosi, na vidude vyake vyote. Akionekana mzigo, atavivua.

Jumamosi ikafika, katikati ya mwezi wa tatu wa kalenda yetu ya zamani. Tulikuwa wanane. Chin-fa alikuwa wa mwisho, mimi ubavuni mwake nikimsukuma kwa maneno. Karibu na kijiji cha juu wakatoka mbwa koko watano, wakamvaa Hung aliyekuwa mbele. Akashuka, akajificha nyuma ya baiskeli yake. Hapo Chin-fa akavuta waya nisioujua. Kumbe nyuma ya kiti alikuwa amefunga bomba la mwanzi, ndani mkufu wa fataki na kiberiti cha gesi. Zikalipuka mfululizo, moshi ukajaa barabara, mbwa wakatokomea.

"Dawa ya mbwa," akasema, kifua mbele.

Lakini kwetu, mwezi wa tatu, fataki barabarani zina maana moja tu: Mama Mazu, mungu wetu wa kike wa bahari, ametoka hekaluni, sanamu yake inapitishwa ikibebwa kwenye machela. Tulipokata kona tukawakuta mabibi kumi na wawili wamepiga magoti juu ya lami, mstari mmoja, vichwa chini, wakisubiri machela ipite juu yao wapate baraka. Meza ya chakula cha wanaoifuata machela imeshaandaliwa pembeni, wali wa kunata na supu ya choroko.

Hung akataka turudi kimyakimya. Chin-fa akashuka, masikio mekundu.

"Mama zangu, nisameheni. Si Mama Mazu. Ni mimi, nilikuwa nafukuza mbwa."

Wa mbele, Bibi Lian, mwenye miaka tisini na mmoja, hakuinuka. "Mwanangu, unajua nilivyohangaika kuyapiga haya magoti? Na mwaka huu machela haipiti huku kwetu. Hiyo kwenye usukani wako si hirizi ya hekalu lake?"

"Ndiyo, bibi. Niliifunga mwaka mpya."

"Basi ameshafika. Tupitishieni baiskeli hiyohiyo. Mimi siinuki bure."

Chin-fa akashika usukani, akajaribu kuinyanyua, akashindwa. Kilo thelathini na tatu hazipitishwi juu ya kichwa cha bibi kwa kubahatisha. Akamtazama Hung. Sote tukamtazama Hung.

Hung akashika nyuma. Wakaipitisha juu ya bibi mmoja baada ya mwingine, feni ya soksi ikizunguka polepole juu ya mvi zao.

"Taratibu," alisema Bibi Lian, "sufuria isinigonge."

Walipofika mwisho Hung akajinyoosha mgongo. Akaketi mezani, akanywa mabakuli mawili ya supu.

"Shemeji, usiniangalie hivyo."

"Nimesema kitu?"

"Nilichosema nakikumbuka." Akaweka bakuli chini. "Kaka, fataki uongeze. Njia ya Taitung ina mbwa wengi."

Chin-fa akasogea pembeni na simu yake. Nilimsikia akisema, "Dada, nakuja. Ndiyo, kwa baiskeli." Akajifuta macho kwa soksi kavu. "Usipike siku hiyo. Nitakuchemshia yai."