Bei kwa Yuniti

Mhudumu wa kituo cha kuchajia magari ya umeme, ambaye madereva walimwita Mama Waya, hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana siku aliposimama mbele ya wadhibiti wa bei, katika kikao cha kukusanya maoni ya wananchi, wenzake walipigwa na bumbuazi.

Aliyemsukuma kusema ni shemeji yake, mume wa marehemu dada yake, dereva wa teksi kuukuu iliyopokea umeme kwa kudonadona. Kituo kilitoza kwa saa. Hivyo yeye, aliyepata umeme kidogo, alilipa zaidi kuliko wenye magari mapya yaliyojaa upesi. Mama Waya aliomba jambo moja tu: watu walipie umeme walioupata, si muda waliokaa. Shemeji, aliyeketi nyuma ya ukumbi, alipiga makofi hadi akaamriwa anyamaze.

Ombi likakubaliwa. Bei ikapangwa kwa yuniti, ikawekewa kikomo.

"Shemeji, sasa hata nikisinzia silipii usingizi!"

"Sinzia, ila usikorome. Utanifukuzia wateja."

Lakini mwenye kituo naye alikuwa na hesabu zake. Nafasi iliyokaliwa kutwa na gari la kudonadona kama teksi ile haikumwingizia kitu, na kanuni mpya hazikumlazimisha kuwa na chaja za polepole. Aliagiza zing'olewe, zibaki za kasi peke yake. Teksi ya shemeji haikuwa na tundu la chaja ya kasi. Vituo vingine mjini vilikwisha kuziondoa za kwao, na chumba alichopanga, ghorofa ya tatu, hakikuwa na pa kuteremshia waya.

Fundi alipofika na spana zake, teksi ilikuwa kwenye chaja ya mwisho. Mama Waya alimsihi asubiri.

"Ningesubiri, mama, lakini bosi hakauki kwenye simu."

"Mwache afanye kazi yake," shemeji alisema.

"Ni mimi niliyesimama kule kikaoni, shemeji."

"Na mimi nikapiga makofi. Tulidai bei, tukasahau kudai chaja yenyewe."

Akatazama betri, haikuwa imefika nusu.

"Itanifikisha kwa wanunuzi wa vyuma chakavu?"

Mama Waya alichomoa waya, akaukunja taratibu.

"Itakufikisha," alisema.

Fundi akapiga magoti, akaanza kulegeza nati.