Bi Pindo na Mwezi wa Vitabu

Alikuwa fundi cherehani, na wateja walimbandika jina la Bi Pindo kwa sababu pindo alilolikunja yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Asubuhi moja aliteleza kwenye ngazi zilizotoka kupigwa deki, akavunjika mkono wa kulia. Daktari alimfunga plasta mpaka kwenye kiwiko, akamwambia, "Mwezi mzima, mama, usiguse cherehani."

Mtu aliyeshona tangu ana miaka kumi na saba, umwambie akae tu! Siku ya kwanza alipanga vyombo upya kwa mkono mmoja. Siku ya pili alimkosoa mumewe jinsi anavyokata vitunguu, mpaka mume, fundi umeme mpole asiyejua kujibizana, akaondoka kwenda kazini saa nzima kabla ya wakati. Siku ya tatu wifi yake, anayefanya kazi maktaba, aliingia na mfuko mzito.

"Wifi, utamtoa kaka yangu roho. Hebu soma."

"Mimi na vitabu wapi na wapi? Mara ya mwisho nilisoma kwa kuogopa mtihani."

"Sasa hakuna mtihani. Kikikuchosha, kiweke chini."

Alianza na riwaya ya mapenzi. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa anafoka peke yake. Bibi harusi ameshonewa gauni la shanga mia tatu kwa jioni moja, na fundi hata vipimo hajachukua! Lakini hakukiweka kitabu chini. Alipokimaliza alishika penseli kwa mkono wa kushoto, akaandika kwenye kikaratasi, herufi zimelala huku na huku kama walevi: "Mapenzi ya kweli, gauni la uongo." Akakichomeka ndani ya kitabu.

Riwaya ya upelelezi ilipata maneno makali zaidi: "Mwuaji nilimjua mapema. Mtu mwenye adabu zote hizo lazima ana lake jambo." Nyingine, ndefu, kuhusu kaka wawili waliogombea nyumba ya baba yao, aliisoma wiki nzima, akamsimulia mumewe kila jioni mpaka naye akaanza kuwahi kurudi. Hiyo aliiandikia: "Kaka mkubwa ni mnyang'anyi. Basi."

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na vitabu vya katuni. Alivisukuma pembeni, akisema hayo ni mambo ya watoto. Vingine vyote vilipoisha akakosa la kufanya, akafungua kimoja. Katikati yake kulikuwa na ukurasa wa picha sita usio na neno hata moja. Mjane anakunja mashati ya marehemu mumewe. Kwenye shati la mwisho kifungo kimetoka, uzi unaning'inia. Anatafuta sindano, anashona kifungo, ndipo analiweka sandukuni.

Bi Pindo alikaa na ukurasa ule muda mrefu, machozi yanamtiririka. Aliyechora alikuwa amejua kwamba uzi hukatwa kwa meno. Kwenye kikaratasi aliandika, "Nisameheni, sikujua," na hakuona la kuongeza.

Siku chache baada ya vitabu kurudishwa, wifi alimpigia simu. "Bosi wangu anakuita."

Vikaratasi! Alikuwa amesahau kuvitoa. Alikwenda amejiandaa kuomba radhi, lakini mkutubi mkuu, mama mnene mwenye miwani, alivitandaza mezani akicheka. "Wasomaji wanauliza kama kuna vingine. Na mmoja amekujibu."

Chini ya hukumu yake kuhusu kaka wawili, kwa mwandiko ulionyooka kama rula, iliandikwa: "Sikubaliani. Rudia sura ya tisa."

"Nani huyu?" Bi Pindo aliuliza kwa hasira.

"Mpima ardhi mstaafu. Nimefikiria tuwakusanye wasomaji kila Jumamosi alasiri mzungumze. Utakuja?"

Alirudia sura ya tisa mara mbili, akitafuta silaha. Alichokuta ni kwamba kaka mkubwa ndiye aliyemwuguza baba miaka minne, jambo alilolipita mbio kwa sababu alikuwa tayari amemchukia.

Jumamosi walikuja watu kumi na mmoja. Mpima ardhi alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya chini, na alianza kwa kumtupia kaka mdogo lawama zote.

"Nimerudia," Bi Pindo alimwambia mbele ya wote. "Kwa kaka mkubwa, baba, umenishinda. Ila yule mdogo unamwonea, na nitakuonyesha ni wapi."

"Nionyeshe, mwanangu," mzee akasema, akivuta kiti karibu.

Plasta ilitolewa wiki iliyofuata. Mkono ulikuwa umekonda na vidole vizito, na mshono wake wa kwanza ulikwenda upogo. Aliufumua, akaanza tena polepole. Dukani kwake, kando ya cherehani, palikuwa na riwaya ya kurasa mia sita aliyoichagua mwenyewe rafuni, na mlangoni alikuwa amebandika tangazo jipya: Jumamosi, duka linafungwa saa saba.